Lita tatu kati ya kumi ni za nani?

Jumamosi moja mnadani Msalato, Dodoma, moshi wa nyama choma ukiwa umeshatanda na madalali wameanza kukauka koo, mzee mmoja mfugaji kutoka Bahi alinipa karatasi nimsomee. Alikuwa amepewa kwenye semina ya uhimilishaji, yaani kumpa jike mbegu ya dume bila kumpandisha. Ilikuwa na picha ya dume la Friesian, ng'ombe wa maziwa wa Kizungu, maelezo ya namna ya kumtambua jike aliye kwenye joto, na karibu na mwisho mstari mmoja: kiwango cha urithi cha wingi wa maziwa, 0.30.

"Hiyo sifuri nukta tatu ndiyo nini, mjukuu wangu?"

"Ni kama asilimia thelathini, babu."

Akanyamaza kidogo, akiegemea fimbo yake. "Kwa hiyo ng'ombe akinipa lita kumi, tatu ni za damu na saba ni za majani?"

Nikamwambia hapana.

"Basi ni nini?"

Kabla sijafungua mdomo, kundi lake la mbuzi likaitwa na mzee akaenda zake. Nami nikabaki na swali. Takwimu ndiyo kazi inayonilisha, na jibu la kitabuni ninalijua kwa moyo: ni sehemu ya mtawanyiko wa sifa inayoelezwa na tofauti za vinasaba ndani ya kundi fulani. Sentensi hiyo ni sahihi neno kwa neno, lakini mzee yule asingeondoka nayo hata hatua mbili.

Wiki zilizofuata nilijikuta nikilijibu swali lake nikiwa kwenye daladala, nikiwa nasahihisha mitihani, nikiwa kwenye foleni ya benki. Kila jibu lilikuwa na tundu lake.

Pengo, siyo ndoo

Tuanze na ng'ombe hamsini wa kisasa, wale chotara wanaofugwa uani pembezoni mwa jiji. Tuseme wastani wao ni lita nane kwa siku. Mmoja anatoa kumi na moja, mwingine anatoa tano.

Hesabu ya kiwango cha urithi haijali hizo nane zimetoka wapi. Inauliza juu ya zile tatu zilizozidi na zile tatu zilizopungua. Kwa nini huyu kapanda na yule kashuka? Tunachukua umbali wa kila ng'ombe kutoka kwenye wastani, tunauzidisha kwa wenyewe, tunatafuta wastani wa majibu hayo. Huo ndio mtawanyiko. Kisha tunaugawa: kiasi fulani kinaendana na tofauti za vinasaba, kinachobaki tunakirundika kwenye kapu la mazingira, magonjwa, bahati na makosa ya kupima.

Ndiyo maana yapo mambo ya kushangaza. Ng'ombe ana miguu minne kwa sababu ya vinasaba vyake, hakuna anayebisha. Lakini ukipima kiwango cha urithi cha idadi ya miguu kwenye zizi, utapata karibu na sifuri. Wenye mitatu wameipata kwa ajali. Vinasaba vimefanya kazi yote ya kuweka miguu, na tofauti zake hazijaeleza chochote.

Hapo ndipo nilipopata angalau jibu la kwanza ambalo mzee angeweza kulitumia. Chagua wazazi ambao kwa wastani wanazidi kundi kwa lita tatu. Fahali hakamuliwi, kwa hiyo yeye tunamkadiria kupitia mabinti na dada zake. Kiwango cha urithi kikiwa 0.30, mabinti wa wazazi hao, wakilelewa katika hali ileile, watazidi wastani wa kundi kwa lita 0.9 hivi. Tatu mara 0.30. Ukichagua majike tu na fahali akawa wa kawaida, gawa kwa mbili: nusu lita kasoro.

Lita zilizozidi, basi. Siyo ndoo nzima.

Deni la watu kwa ng'ombe

Mzizi wa mbinu hizi unajulikana. Mwaka 1918 Ronald Fisher alichapisha andiko lililoonyesha kwamba sifa inayopanda na kushuka taratibu, kama urefu, inaweza kutokana na jeni (ndivyo vinasaba) nyingi zilizorithiwa kwa kanuni za Mendel, kila moja ikichangia kidogo, na kwamba mtawanyiko wake unaweza kugawanywa mafungu. (Fisher alikuwa pia mtetezi wa kuboresha binadamu kwa kuchagua nani azae. Fani hii ina historia chafu na sioni faida ya kuifunika.)

Kilichonivutia zaidi ni kilichofuata. Waliozigeuza hesabu za Fisher kuwa zana za kazi walikuwa watu wa mifugo. Charles Henderson, Mmarekani, alijenga modeli za kumpa kila mnyama kadirio lake la urithi huku zikitenganisha athari za zizi na msimu. Mwaka 1971 Patterson na Thompson wakaleta njia bora ya kukadiria mafungu ya mtawanyiko. Mwaka 2001 Meuwissen, Hayes na Goddard wakapendekeza kutumia kwa pamoja alama, yaani sehemu ambazo DNA ya mmoja hutofautiana na ya mwingine, zilizotapakaa kwenye jenomu (DNA yote ya kiumbe), badala ya kuwinda jeni moja moja. Mwaka 2008 VanRaden akaandika namna ya kupima undugu wa ng'ombe wa maziwa moja kwa moja kutoka kwenye DNA, bila kutegemea daftari la ukoo.

Watafiti wa binadamu walikuwa wamekwama wakati huohuo.

Tafiti za mapacha zilikuwa zinasema kiwango cha urithi cha urefu ni karibu 0.8. Ila walipopekua jenomu, hadi mwaka 2008 walikuwa na sehemu karibu 40 zinazohusiana na urefu, na zote kwa ujumla zilieleza asilimia 5 hivi ya mtawanyiko. Zile nyingine sabini na tano zimekwenda wapi? Wengine walianza kusema mapacha wametudanganya.

Mwaka 2010 Jian Yang, Peter Visscher na wenzao, Goddard akiwamo, walichukua hesabu iliyozoeleka kwa ng'ombe wakaipeleka kwa watu. Walikuwa na watu 3,925 wasio ndugu na alama 294,831 za jenomu. Hawakuuliza ni jeni gani inaleta urefu. Waliuliza kitu kingine kabisa.

Chukua watu wawili wasiojuana. Kwa bahati tu, wanafanana kwenye DNA zaidi kidogo, au pungufu kidogo, kuliko watu wawili wengine. Tofauti hiyo ni ndogo mno. Ila watu 3,925 wanakupa jozi zaidi ya milioni 7.7. Sasa uliza: je, jozi zinazofanana zaidi kijenomu zinafanana pia zaidi kwa urefu?

Kwa ng'ombe wetu ni hivi. Mmoja amezidi wastani kwa tatu, mwingine kwa mbili: zidisha, unapata chanya sita. Huyo aliyezidi kwa tatu mlinganishe na aliyepungua kwa mbili: hasi sita. Fanya hivyo kwa kila jozi, kisha chora kwenye grafu, mlalo ukiwa ukaribu wa kijenomu na wima ukiwa jibu la kuzidisha. Mstari ukipanda, kuna kitu kwenye DNA kinachofanya kazi. Mwinuko wake, ukiugawa kwa mtawanyiko mzima, ndiyo namba tunayoitafuta. Programu za leo hutumia njia yenye nguvu kuliko hii, ila wazo ni hilo.

Jibu la Yang na wenzake lilikuwa 0.45.

Kwa hiyo vinasaba havikuwa vimepotea. Vilikuwa vimegawanyika vipande vidogo kiasi kwamba hakuna kipande kilichofaulu mtihani wa takwimu peke yake. Mwaka 2022 utafiti uliohusisha watu wapatao milioni 5.4 ulizitaja alama 12,111 zinazohusiana na urefu. Kwa watu wenye asili ya Ulaya zinaeleza karibu asilimia 40 ya mtawanyiko. Kwa wengine, sisi tukiwamo, ni kati ya asilimia 10 na 20 hivi.

Hilo la mwisho lilinisimamisha. Haimaanishi kwamba urefu wetu haurithiwi. Alama zinazopimwa mara nyingi si jeni zenyewe, ni majirani wa jeni. Ujirani huo katika Ulaya si sawa na wa Afrika, ambako watu wana historia ndefu zaidi na vipande vya jenomu vimechanganyika mara nyingi zaidi. Alama iliyochaguliwa kwa kuangalia Wazungu inaweza kumkosa jirani yake ikifika kwetu.

Mashudu ya alizeti

Nilipofika hapa nikajiona nimemaliza. Nina maelezo, nina historia. Kisha nikawaza ng'ombe wa Dodoma wenyewe, na nikaanza upya.

Ng'ombe wa kisasa wanakaa kwa nani hapa kwetu? Kwa mtu mwenye kipato kidogo cha ziada, karibu na barabara ya lami. Huyo ndiye anayenunua mashudu ya alizeti na pumba, ndiye anayepigiwa simu na daktari wa mifugo. Ng'ombe wa asili anatembea na jua la Bahi na Chamwino, anakula alichokikuta, na kuanzia Julai anakuta mabua. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na ikishakatika Aprili hakuna cha kusubiri hadi mwishoni mwa mwaka.

Sasa peleka DNA zao wote maabara. Chora grafu ile. Mstari utapanda juu kweli kweli! Wanaofanana kijenomu wanafanana kwa maziwa. Programu itasema urithi ni mkubwa. Lakini wanaofanana kijenomu wanafanana pia kwa mashudu.

Hesabu haina macho ya kuliona gunia la mashudu. Inaona namba mbili tu kwa kila jozi.

Wataalamu wanalijua tatizo hili na wana dawa zake. Unaweza kuingiza kwenye modeli kiasi cha damu ya kisasa ya kila ng'ombe ili ulinganishe chotara kwa chotara. Unaweza kuongeza mihimili mikuu ya tofauti za jenomu, yaani namba chache zinazoonyesha kila ng'ombe yuko karibu na kundi gani la damu. Ila dawa hizo zina uchungu wake: ukiondoa tofauti zote kati ya kisasa na asili, umeondoa mashudu, na umeondoa pia vinasaba halali vinavyomfanya Friesian awe Friesian. Unabaki na swali dogo na safi kuliko ulilotaka kuuliza. Bado sijaridhika na dawa yoyote kati ya hizo. Nadhani uaminifu ni kusema wazi ni swali lipi umelijibu.

Tatizo la pili ni la wafugaji wadogo. Kaya yenye ng'ombe mmoja inakupa nini? Akitoa maziwa mengi, ni yeye au ni mama mwenye nyumba anayemwamkia saa kumi alfajiri? Kwa data ya kaya hiyo peke yake, huwezi kujua milele. Zamani ingekuwa mwisho wa habari, maana rekodi za ukoo hatuna. Muulize mfugaji fahali alikuwa nani, atakuambia "wa jirani".

Hapa jenomu inaleta kitu ambacho kweli hakikuwapo. Mbegu ya fahali mmoja kutoka kituo cha taifa cha uhimilishaji, Usa River, inaweza kuwa na mabinti Nzuguni, Kongwa na Mpwapwa. Vipande vilevile vya DNA vinalelewa kwenye kaya tofauti, na DNA yenyewe inatuonyesha nani ndugu wa nani hata kama hakuna aliyeandika. Kwa hiyo kaya za ng'ombe mmojammoja zinaunganishwa, na taratibu ng'ombe anaanza kutengana na uani alikofungwa.

Nikiri upendeleo: sehemu hii ya takwimu naiona nzuri mno. Inawafaa wasio na daftari.

Debe moja, mashamba mawili

Kuna mfano alioutoa Richard Lewontin mwaka 1970, kwa mahindi. Nauhamishia kwenye mtama.

Chukua debe la mbegu za mtama zilizochanganyika. Ligawe bila kuchagua. Nusu ipande kwenye shamba lenye samadi na maji pale Hombolo, kila mche ukipata sawa na mwenzake. Nusu nyingine ipande kwenye kichanga kilichochoka, nako kila mche upate sawa. Ndani ya kila shamba, tofauti za urefu zitatokana na mbegu tu, kwa sababu mengine yote ni sawa. Kiwango cha urithi ni kama moja, kwa mashamba yote mawili.

Halafu linganisha shamba na shamba. Pengo kati yao ni la udongo. Lote.

Nimewahi kuuona mfano huu ukisomwa na watu wakatikisa vichwa kukubali, kisha dakika kumi baadaye wanasema watoto wa mkoa fulani hawana akili ya hesabu "kwa sababu akili inarithiwa". Namba iliyopimwa ndani ya kundi haina ruhusa ya kueleza pengo kati ya makundi. Wala haisemi kama mambo yanaweza kubadilika. Wanawake wa Korea Kusini waliozaliwa mwaka 1996 wanawazidi waliozaliwa mwaka 1896 kwa sentimita 20. Jeni hazibadiliki kwa kasi hiyo. Kilichobadilika ni sahani na maji na kinga.

Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtu akiniambia urefu unarithiwa kwa asilimia 80, namuuliza: kwa nani, na walikula nini? Kwenye nchi ambako karibu kila mtoto anashiba, tofauti za chakula zimepungua, kwa hiyo tofauti za vinasaba zinabaki na fungu kubwa. Pale ambako mmoja anashiba na jirani yake analala na uji mwepesi, fungu la mazingira linavimba, na namba inashuka bila jeni yoyote kuguswa.

Ndivyo pia kwa maziwa. Kwenye kituo cha utafiti kama cha Mpwapwa, walikoanza miaka ya 1940 kuchanganya Red Sindhi, Sahiwal, Boran, ng'ombe wa asili na damu kidogo ya Ulaya hadi mwaka 1958 ng'ombe wa Mpwapwa akapewa jina lake, wanyama wanakula karibu sawa. Namba ya kituoni huelekea kuwa kubwa kuliko ya kijijini. Kuichukua ikiwa hivyo na kuiandika kwenye karatasi ya semina ni kumwahidi mfugaji wa Bahi matokeo ya zizi ambalo halina kiangazi chake.

Na mzazi naye ni mazingira

Hili litakuwa fupi, lakini ndilo lililonitikisa zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa Iceland, Augustine Kong akiwa kinara, waliangalia vinasaba ambavyo mzazi anavyo lakini *hakumrithisha* mtoto. Kwa kawaida tungetarajia visiwe na athari yoyote kwa huyo mtoto. Kwenye suala la elimu vilikuwa nayo: karibu asilimia 30 ya ile ya vinasaba vilivyorithishwa.

Vimefikaje? Kupitia malezi. Vinasaba vya mama vinachangia namna mama alivyo, na mama alivyo ndiyo nyumba mtoto anayokulia. Kwa hiyo sehemu ya kile tulichokuwa tunakiita mchango wa vinasaba vya mtoto ilikuwa nyumba ya wazazi wake iliyovaa nguo za DNA.

Kapu la urithi na kapu la mazingira havina ukuta mgumu kati yao. Nilijua hivyo kwa nadharia. Kuliona kwa tarakimu ni jambo jingine.

Ninachotaka kwenye karatasi hizo

Sitaki tuache kupima. Uchaguzi wa mifugo kwa jenomu unafanya kazi, na mfugaji wa hapa anastahili kufaidi kama wa kwingine. Ila uwiano mmoja mtupu unaficha mengi. Ningependa nionyeshwe mafungu yenyewe, fungu la vinasaba peke yake na la mazingira peke yake, kwa vipimo vya lita. Nikiona 0.15 sijui kama vinasaba ni dhaifu au kama tofauti za malisho ni kubwa mno. Nikiona mafungu, najua. Tena la pili ni habari njema kwa asiye na fedha za mbegu: tofauti ya kuzibwa ipo kwenye lishe.

Nataka pia kosa la kadirio, yaani namba inayoonyesha kadirio linaweza kuyumba kiasi gani. Kwa watu wasio ndugu kuna kanuni ya haraka: gawa 316 kwa idadi ya watu uliowapima. Kwa 3,925 unapata 0.08, na ndilo kosa ambalo Yang na wenzake waliliripoti. Ukiwa na watu 1,000 unapata 0.32. Kwa desturi tunaruhusu makosa kama mawili kila upande, yaani kadirio la 0.30 lingeweza kuwa sifuri, lingeweza kuwa 0.9, na hakuna wa kukukosoa. Kwa ng'ombe hali ni nafuu, kwa kuwa undugu wao hutofautiana sana, wengine wakiwa wa baba mmoja na wengine mbali kabisa. Kila jozi inakuwa na habari zaidi. Nafuu, ila hata hapo ng'ombe mia mbili hawatoshi.

Na ukiuliza ni nini kinachokosekana zaidi, wengi watakuambia fedha za kupima DNA. Mimi naanza kuamini ni maziwa yenyewe. Ng'ombe wa asili na chotara wengi hawashushi maziwa bila ndama kuanza kunyonya. Ndama anachonyonya hakiingii kwenye kipimo, na kila mfugaji anamwachia ndama kwa kadiri ya moyo wake. Wengine wanapima asubuhi tu, kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu, na jioni wanakadiria. Tofauti zote hizo zinaangukia kwenye lile kapu la pili, zinakaa humo zikiitwa mazingira, na kiwango cha urithi kinashuka kwa sababu ambazo hazihusiani na ng'ombe wala majani. Mashine ya kusoma alama laki kadhaa za jenomu ipo. Ndoo yenye mistari ya lita, kila kaya, asubuhi na jioni, ndiyo ngumu kupatikana.